Redio Inaponyamaza Mlimani: Mwongozo kwa Kamati ya Maafa ya Kijiji

Jumapili ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufukia sehemu ya mji mdogo wa Katesh pamoja na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Miaka minne kabla yake, Novemba 2019, mvua ziliangusha miteremko ya Pokot Magharibi nchini Kenya, na madaraja yakasombwa wakati waokoaji walipokuwa wakiyahitaji. Upande wa Uganda wa Mlima Elgon, wilaya ya Bududa imezika watu wake kwa maporomoko mara kadhaa tangu 2010.

Maafa ya milimani yana mpangilio wake. Barabara hukatika mapema. Nguzo za umeme huanguka. Mnara wa simu hubaki ukiishi kwa betri zake za saa chache, kisha nao hunyamaza. Hapo ndipo kijiji hukumbuka ile redio ya upepo iliyomo kwenye kabati la zahanati au mikononi mwa askari wa msitu. Mtu anaishika, anabonyeza, anaita, na jibu haliji.

Mwongozo huu ni wa kamati ya maafa ya kijiji, mtendaji, mhudumu wa afya, askari wa misitu, kiongozi wa wapagazi, na yeyote ambaye siku hiyo atakabidhiwa redio. Huhitaji kuwa fundi ili uutumie. Jambo moja ulishike tangu mwanzo: milimani, mahali uliposimama pana uzito kuliko redio uliyoshika.

Kwa nini sauti haifiki

Redio nyingi za mkononi hutumia masafa ya VHF, kati ya MHz 136 na 174, au ya UHF, kuanzia MHz 400 hadi 470 hivi. Mawimbi ya masafa hayo husafiri kwa mstari ulionyooka. Fikiria tochi gizani: mwanga ukigonga ukuta, nyuma ya ukuta kunabaki giza, hata ukiweka betri mpya. Mlima ndio ukuta wenyewe.

Ndiyo maana usiamini kila namba iliyoandikwa kwenye boksi la redio. "Kilomita 30" za muuzaji zilipimwa mahali ambapo hakuna kitu katikati. Watu wawili waliosimama kwenye tambarare, kila mmoja na redio yake mkononi, hukaribia kikomo wanapofika kilomita 10, kwa sababu dunia yenyewe imejikunja. Weka miti na nyumba katikati, umbali huo hupungua sana. Lakini mmoja wao akipanda kilima cha mita 100 kinachoitazama tambarare hiyo, upeo wake hufika karibu kilomita 40. Redio hazikubadilika. Kilichobadilika ni miguu.

Nguvu nayo? Redio ya mkononi hutoa wati 5 hivi, ya kwenye gari wati 25 hadi 50. Wati nyingi husaidia pale ambapo njia iko wazi na sauti ni dhaifu tu. Kijiji kikiwa nyuma ya kigongo cha mlima, hata wati 50 zinaweza kuishia kwenye mwamba.

Kuna nafuu mbili ambazo mlima hukuachia. Kwanza, wimbi likipita juu ya ukingo mkali wa mlima, sehemu yake ndogo hujipinda na kushuka upande wa pili. VHF hujipinda vizuri kuliko UHF, na hupita vizuri zaidi kwenye msitu mnene, kwa hiyo kijiji cha milimani kikipewa nafasi ya kuchagua, kichague VHF. Pili, wimbi hudunda. Ukuta wa mwamba ulio ng'ambo ya bonde unaweza kuirudisha sauti yako upande ambao usingeufikia moja kwa moja.

Nafuu hiyo ya kwanza ina somo ambalo wengi hulikosea. Mtu aliye bondeni akitaka kuongea na upande wa pili wa mlima, husogea mpaka kwenye mguu wa mlima ule, akidhani amekaribia. Amejizika kwenye kivuli. Arudi nyuma, avuke bonde, apande mteremko unaoutazama ule mlima, hata kama kwa kufanya hivyo anaongeza kilomita mbili. Kutoka hapo ukingo wa mlima unaonekana kwa pembe ya chini, na ile sehemu ya wimbi inayojipinda humfikia.

Ramani ya Tanzania inaeleza vizuri. Mtae, katika Usambara Magharibi, imekaa ukingoni mwa mlima na kuitazama mbuga ya Mkomazi chini kabisa; kutoka pale redio ina njia wazi ya makumi ya kilomita, ilhali kitongoji kilichojificha kwenye bonde la nyuma kinaweza kukosa hata neno moja. Uluguru, yenye vilele vinavyozidi mita 2,600, inautenga mji wa Morogoro na vijiji vya upande wa mashariki kama Kinole na Matombo. Kilimanjaro ndiyo kabisa: kati ya Marangu upande wa kusini mashariki na Rongai upande wa kaskazini umesimama mlima wa mita 5,895. Hakuna redio ya mkononi inayotoboa hapo.

Pima kabla ya kununua

Fedha ikipatikana, jambo la kwanza ambalo kamati nyingi hutaka ni redio mpya. Naomba liwe la mwisho. Chukua redio mbili zilizopo, za zahanati, za hifadhi, hata za kuazima kutoka halmashauri kwa siku mbili kwa idhini ya mwenye masafa, kisha tengeneza ramani ya usikivu. Kazi hii ni ya daftari, kalamu na kutembea.

1. Chagua kituo kikuu. Mara nyingi kitakuwa zahanati au ofisi ya kijiji, yaani mahali ambapo watu watakimbilia. Mwache mtu mmoja hapo mwenye saa na daftari.

2. Orodhesha sehemu ambazo lazima zisikike: kila kitongoji, shule, msikiti, kanisa, daraja, kisima kikuu, mahali ambapo mteremko umeshaanza kupasuka, na njia ambayo watu watahama nayo. Tumia majina ambayo wanakijiji wenyewe wanayatumia.

3. Mtembeaji afike kila sehemu, asimame, ashike redio wima na kuita kwa maneno yaleyale kila mara: "Kituo kikuu, hapa darajani, napima, ova." ("Ova" maana yake nimemaliza, zamu yako.)

4. Kila upande uandike alama kwa alichosikia: 0 hakuna kitu, 1 kelele tupu lakini unajua kuna mtu, 2 neno mojamoja, 3 maneno yote kwa shida, 4 safi yenye kelele kidogo, 5 safi kabisa. Alama za pande mbili zinaweza kutofautiana, na tofauti hiyo ni habari muhimu. Gari lenye wati 50 litasikika na mtu mwenye wati 5, naye asisikike.

5. Palipo na 0 au 1, usiondoke. Sogea hatua moja, ita tena. Sogea nyingine. Kwenye VHF wimbi moja lina urefu wa mita 2 hivi, na mawimbi yanayodunda kwenye miamba hugongana na kuuana, kwa hiyo sehemu iliyokufa na sehemu hai zinaweza kutengana kwa mita moja tu. Kisha tafuta jiwe, kichuguu au mgongo wa ardhi ulio karibu, ujaribu hapo.

6. Palipofunguka, weka alama ya kudumu. Rangi kwenye jiwe inatosha. Andika daftarini: "Kutoka daraja, panda njia ya mkuyu, hatua 60, jiwe lenye rangi nyeupe, alama 4."

7. Rudia zoezi siku ya mvua au ukungu mzito, angalau kwa sehemu zenye alama 2 na 3. Majani yaliyolowa hula sauti, na utakayoyahitaji ni matokeo ya siku mbaya.

Nakala ya ramani hiyo ibandikwe zahanati, nyingine ikae ofisi ya kata, nyingine ndani ya mfuko wa redio. Iliyofungiwa kwenye kabati la mwenyekiti ambaye siku hiyo yuko mjini haina kazi.

Mtu wa kati

Ramani itakuonyesha jambo lingine: karibu kila mara kuna sehemu moja, pengine mbili, ambazo zinasikika pande zote. Hapo ndipo pa kumweka mtu wa kati, ambaye hupokea ujumbe upande huu na kuupeleka upande ule. Ni ripita, yaani mtambo wa kurusha sauti upya, ila hii ina miguu. Haina gharama ya mnara, haiibiwi betri, na inaweza kufikiri.

Sehemu hiyo si lazima iwe kilele. Kilele kirefu kabisa mara nyingi hakioni vijiji vilivyo chini ya miguu yake, kwa sababu mteremko wenyewe unavificha. Bega la mlima, au kilima cha ng'ambo kinachoyatazama mabonde mawili, hufaa zaidi. Iwe mahali panapofikika usiku na wakati wa mvua bila kuvuka mto. Isiwe chini ya mteremko unaotishia. Na iwe na mbadala wa chini kidogo kwa ajili ya radi, kwa sababu mtu aliyesimama peke yake kwenye mgongo wa mlima na antena mkononi anajiweka hatarini. Ngurumo ikisikika, ashuke. Ujumbe usubiri.

Teua watu watatu au wanne wanaoishi karibu na hapo, si kijana mmoja hodari. Wapeane zamu. Wapewe redio, betri ya akiba, koti la mvua, tochi, daftari na penseli, maana wino wa kalamu hukataa kuandika kwenye karatasi iliyolowa.

Kazi ya mtu wa kati ina sheria moja ambayo haijadiliwi: haongezi, hapunguzi, hatafsiri. Anaandika, anasoma alichoandika kwa aliyemtumia, anathibitishiwa, ndipo anapeleka. Mazungumzo yawe hivi:

"Kituo cha kati, kituo cha kati, hapa Zahanati. Nina ujumbe wa dharura. Ova."

"Zahanati, hapa kituo cha kati. Nakupata. Leta ujumbe. Ova."

"Tope limefunika nyumba tatu, kitongoji cha mtoni, chini ya shule. Majeruhi wanne, narudia, wanne, nne ya kabla ya tano. Njia ya gari imekatika darajani. Tunahitaji machela na daktari kwa njia ya miguu. Ova."

"Nakusomea. Nyumba tatu, kitongoji cha mtoni, chini ya shule. Majeruhi wanne. Njia imekatika darajani. Machela na daktari kwa miguu. Ni sahihi? Ova."

"Ni sahihi. Nasikiliza. Ova."

Angalia ile nne. Katikati ya kelele, "nne" na "nane" husikika karibu sawa, na tofauti ya majeruhi wanne na wanane ni tofauti ya gari moja na mawili. Saa nazo zina mtego wake: "saa nane" bila kusema mchana au usiku ni ujumbe nusu. Na namba kubwa zisemwe tarakimu mojamoja.

Neno moja kuhusu salamu. Sisi ni watu wa salamu, na kijana atakayemsikia mtendaji wa kata kwenye redio ataona vibaya kuanza na "majeruhi wanne". Kubalianeni mapema, hadharani, na wazee wakiwepo: kwenye dharura hakuna shikamoo redioni. Hakuna atakayehesabiwa kakosa adabu. Betri hazina uwezo wa kubeba habari za nyumbani, za watoto na za kazi.

| KARATASI YA UJUMBE (bandika nyuma ya kila redio) |
|---|
| 1. Mimi ni nani, niko wapi |
| 2. Kimetokea nini, saa ngapi (asubuhi, mchana, jioni, usiku) |
| 3. Mahali penyewe, pamoja na alama inayojulikana |
| 4. Watu wangapi: wamekufa, wamejeruhiwa, hawajaonekana |
| 5. Njia ipi imefungwa, ipi inapitika |
| 6. Tunahitaji nini |
| 7. Nitasikiliza tena saa ngapi |

Kipengele cha saba ndicho husahaulika. Bila hicho, kila mtu huacha redio wazi usiku kucha, na alfajiri hakuna betri hata moja.

Ukiwa umekwama sasa hivi

Huenda unausoma mwongozo huu huku tayari unahitaji kuongea na mtu. Fuata mpangilio huu:

1. Hakikisha uko salama. Ondoka kwenye njia ya maji na tope kabla ya kuita.
2. Shika redio wima, antena iangalie juu, mbali kidogo na mwili. Ukiilaza, au ukiifunga kiunoni na kuongea kwa kipaza cha waya, unapoteza sehemu kubwa ya nguvu.
3. Angalia chaneli. Ikiwa ni ya ripita na ripita imekufa, hamia chaneli ya moja kwa moja.
4. Bonyeza kitufe, hesabu "moja" kimoyomoyo, ndipo useme. Ukisema papo hapo, neno la kwanza hukatwa, nalo kwa kawaida ni jina la unayemwita.
5. Hakuna jibu? Bonyeza kitufe cha kufungulia kelele, kile cha pembeni kwenye redio nyingi. Sauti dhaifu ambayo redio ilikuwa inaificha inaweza kusikika.
6. Sogea: hatua moja, kisha tano, kisha panda. Ukishindwa kupanda, rudi nyuma kutoka kwenye mguu wa mlima unaokuzuia.
7. Geukia mwamba au mteremko mtupu wa ng'ambo na ujaribu tena.
8. Tuma ujumbe hata kama hujibiwi. Sema mara mbili, polepole, ukianza na mahali ulipo. Kuna wanaokusikia usiowasikia wewe.
9. Zima redio, rudi hewani kila saa kamili kwa dakika tano.

Kama redio yako ni ya dijitali, jua kwamba haina hatua ya kati. Redio ya kawaida ikielekea mwisho wa uwezo wake huanza kukwaruza, na sikio la mtu huokota maneno. Ya dijitali husikika safi, halafu ghafla hukatika. Ikikatika, hatua chache nyuma zinaweza kuirudisha.

Antena, na waya unaokula nguvu

Kama una fedha kidogo tu, itumie hapa. Antena fupi ya mpira inayokuja na redio ya mkononi imetengenezwa ikae vizuri kiunoni. Robo ya wimbi kwenye MHz 150 ni sentimita 50 hivi, na antena ya urefu huo hufanya kazi vizuri zaidi kuliko kile kijiti cha sentimita 15. Hakikisha skrubu yake inalingana na ya redio yako na kwamba ni ya masafa unayotumia. Antena ya UHF kwenye redio ya VHF inaweza hata kuiharibu redio.

Kituo kikuu kiwe na antena ya nje, juu ya mlingoti au mti. Hapo pana kosa linalorudiwa kila mahali: mlingoti mrefu na waya mwembamba wa bei nafuu. Waya wa kawaida wa aina ya RG-58, wenye unene wa penseli nyembamba, hupoteza karibu nusu ya nguvu kwa kila mita 15 kwenye VHF. Ukifunga mita 30, robo tu ndiyo inafika juu. Tumia waya mnene zaidi, au weka redio karibu na antena. Funga viungio kwa utepe usiopitisha maji, kwa sababu maji yakiingia ndani ya waya hayatoki.

Tahadhari nyingine ni kwa wale wanaofunga antena mlimani. Antena ndefu yenye "nguvu kubwa" haizalishi nguvu. Inaibana kwenda upande wa upeo wa macho. Ukiiweka juu ya mlima, sauti inapita juu ya vichwa vya watu wa bondeni na kwenda wilaya ya pili. Kwa mlima unaohudumia vijiji vilivyo chini yake, antena ya kawaida hufaa zaidi.

Mlingoti upewe waya wa ardhini. Radi ikikaribia, chomoa waya wa antena kwenye redio na uutoe nje ya jengo.

Betri

Kusema hula umeme mwingi kuliko kusikiliza, mara kumi na zaidi. Betri ya mAh 1,500 kwenye redio ya wati 5 huisha kwa saa moja hivi ya kusema mfululizo, lakini hudumu siku nzima ya kusikiliza. Kwa hiyo sema kifupi, na tumia nguvu ya chini pale inapotosha. Kila redio iwe na betri mbili, moja ikiwa imejaa wakati wote. Kwenye baridi kali betri hulegea. Iweke ndani ya koti, karibu na mwili. Nunua chaja inayokubali volti 12, kwa sababu kijijini betri ya volti 12 haikosekani: iko kwenye pikipiki, kwenye sola ya duka, kwenye gari lililokwama ng'ambo ya daraja.

Ripita: fikiri mara mbili

Ripita hupokea sauti kwa masafa fulani na kuirusha kwa mengine kutoka mahali pa juu. Ikiwa nzima, huunganisha tarafa nzima. Udhaifu wake ni kwamba kila mtu huizoea, na siku ikifa, watu hawajui tena kuongea moja kwa moja. Paneli za sola na betri za milimani huibiwa. Radi huzitafuta. Barabara ya kwenda kuirekebisha ndiyo ileile iliyokatika.

Sipingi ripita. Nasema kijiji kisichojua sehemu zake za kusikika bila ripita hakijajiandaa. Kama mnayo, fanyeni zoezi moja kila robo mwaka mkiwa mmeizima kwa makusudi.

Kwa vijiji vilivyozama kabisa mabondeni kuna njia ya kale inayostahili heshima: masafa ya HF. Waya mrefu ukitandazwa mlalo, mita tatu hadi tano tu juu ya ardhi, hurusha wimbi karibu wima. Likifika tabaka la juu la anga hurudi chini na kuangukia eneo la mamia ya kilomita kuuzunguka waya, mabondeni na nyuma ya milima. Mchana hutumika masafa ya juu kidogo, kama MHz 7; usiku ya chini, kama MHz 4. Amref, iliyoanzishwa 1957 kama huduma ya madaktari wa ndege, iliunganisha hospitali za mbali kwa redio za aina hii miaka mingi kabla ya simu ya mkononi. Redio ya HF ni ghali na inahitaji mtu aliyefundishwa, kwa hiyo iwe ya hospitali ya wilaya au kituo cha afya, si ya kila kitongoji.

Simu bado ina kazi

Usiitupe. Ujumbe mfupi hupita pale ambapo sauti inakatika, kwa sababu huhitaji mtandao wa muda mfupi tu, na baadhi ya simu huendelea kujaribu kuutuma. Andika ujumbe, tuma, kisha panda nayo. Simu pia zimeundwa kujaribu mtandao wowote unaosikika mtu anapopiga 112, hata kama si mtandao wa laini yake. Kwenye ile ramani ya usikivu, ongeza safu ya simu: sehemu gani mtandao upi unashika.

Namba za kuandika ukutani: Tanzania, 112 polisi, 114 Zimamoto na Uokoaji, 115 usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kenya, 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199.

Sheria

Redio ndogo za bei nafuu zinauzwa sokoni na mtandaoni, na wengi huzitumia bila kujua kuwa masafa yana mwenyewe. Tanzania masafa husimamiwa na TCRA, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano. Kutumia redio ya mawasiliano bila leseni ni kosa, na kamati ya kijiji haitasamehewa kwa kuwa nia ilikuwa njema. Njia fupi ni kupitia halmashauri, hifadhi, hospitali au shirika lenye leseni tayari: omba kijiji kiingizwe kwenye mtandao wao, kwa maandishi, na maandishi hayo yataje chaneli ya moja kwa moja mtakayotumia ripita ikifa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya Tanzania ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, kwa hiyo barua yenu ina pa kusimamia.

Usiguse masafa ya MHz 118 hadi 137. Hayo ni ya ndege, na helikopta inayokuja kuwaokoa inayatumia.

Makosa yanayorudiwa

- Redio imekaliwa na mtu kwenye gari, kitufe kimebanwa, na mtandao mzima umezibwa. Kelele ya injini isiyoisha hewani ndiyo dalili. Kila mtu aangalie redio yake.
- Redio mpya haijawekewa toni (mlio mdogo unaofungua redio za kundi moja) sawa na za zamani: wanaonekana wako chaneli moja, hawasikiani. Zijaribuni zote pamoja siku zinapofika.
- Redio zote zimefungwa ofisini, ufunguo uko kwa mtu mmoja.
- Watu watatu wanaita kwa pamoja. Kituo kikuu ndicho kinachoruhusu nani aseme. Wengine wanyamaze hadi waitwe.
- Kila kijiji kimejipa jina "Kituo kikuu". Tumieni majina ya vijiji.

Kabla ya mvua, kamati iangalie

☐ Ramani ya usikivu imepimwa mwaka huu, na nakala tatu ziko mahali pake
☐ Sehemu za kusikika zina alama inayoonekana usiku kwa tochi
☐ Watu wa kituo cha kati wameteuliwa, mbadala wao pia
☐ Kila redio ina betri mbili na karatasi ya ujumbe
☐ Chaneli ya moja kwa moja imeandikwa kwenye redio kwa rangi
☐ Muda wa kusikiliza unajulikana na vijiji jirani
☐ Ufunguo wa kabati uko kwa watu wawili
☐ Zoezi limefanyika ripita ikiwa imezimwa

Katika sehemu nyingi za milima ya kaskazini mashariki mwa Tanzania, masika huanza Machi. Fanyeni upimaji Januari au Februari, njia zikiwa kavu na watu wakiwa nyumbani, halafu mrudie zile sehemu zenye alama 2 na 3 mvua ya kwanza nzito ikinyesha. Zoezi likishindikana kwa kukosa redio, andikeni barua kwa halmashauri wiki hiyohiyo mkiambatanisha orodha ya sehemu zenu. Orodha ya majina ya vitongoji visivyosikika ni vigumu kuikataa.